Saa Njema ya Warangal

Austin, Texas
18 Agosti 2024

Mpendwa Dada Vasundhara,

Hujambo, dada yangu? Mguu umepona? Na Baba, bado anajificha kula achari ya embe aliyokatazwa? Mimi mwili ni mzima, lakini moyo hautulii, na sina mwingine wa kumwambia.

Unajua kibali changu cha kazi cha baada ya masomo kiliisha tarehe kumi. Sisi wa sayansi na ufundi huruhusiwa kuomba miaka miwili zaidi. Chuo kilinisainia karatasi Juni, na nilitakiwa nitume maombi serikalini ndani ya siku sitini.

Mama akakataa katakata nisitume wakati ule. "Ukianza jambo kwenye mwezi wa Ashadham, wenye mikosi, likaharibika, usije kunililia!" Akaenda kwa kuhani, akaniletea siku: Jumatatu ya kwanza baada ya mwezi huo mbaya, saa kumi na mbili na dakika arobaini asubuhi. Nikahesabu, nikaona siku bado zipo. Asubuhi hiyo nikaoga, nikawasha taa mbele ya sanamu ya Lakshmi, mungu wetu wa heri, nikabonyeza kitufe cha kutuma kwa dakika ileile.

Kumbe siku huhesabiwa tangu karatasi iliposainiwa, si tangu nilipoipokea. Mshauri wa chuo aliniambia juzi: nilituma siku ya sitini na moja. Kutuma upya hakuwezekani, kibali cha zamani kimeshaisha.

Nilipomsimulia Harini ninayekaa naye, alinitazama kana kwamba mimi ni mwehu. "Kuhani alikupa saa ya Warangal, India, wewe ukafuata ya Texas! Digrii mbili hizo za nini, mwenzangu?"

Dada, ni kweli. Saa ile ilipofika huko kwenu, hapa ilikuwa bado Jumapili usiku, siku ya sitini. Nilikuwa jikoni nakaanga bamia.

Sasa naogopa. Naruhusiwa kufanya kazi wakati maombi yanasubiri, lakini jibu likiwa hapana, kazi inakwisha siku hiyohiyo na nafungasha. Kiwandani napima vipande vya kompyuta, na simu ikilia naruka.

Nisalimie Baba, shemeji na Chaitanya mdogo. Mungu awafunike nyote kwa mkono wake.

Mama hupiga simu kila siku kuuliza kama saa yake imeleta heri. Akikuuliza na wewe, mwambie nilituma kwa dakika ileile aliyonichagulia. Usimwambie ilikuwa saa ya wapi.

Mdogo wako, anayekupenda na kukuhitaji,
Sindhuja