Betri za Redio Yako

Mpendwa Mama,

Shikamoo. Bado napiga gitaa, na bado nakusikia ukinigombeza nipunguze.

Unazikumbuka zile pedali mbili pale Tandika? Moja mjomba aliileta kutoka Dubai, inang'aa. Ya pili fundi redio wa Buguruni aliiunda ndani ya kopo la maziwa ya unga. Kazi yao moja: ukikanyaga, sauti ya gitaa inakwaruza. Mimi nilikuwa nimeshaipenda ya Dubai kabla hata sijaisikia. Pedali zinatumia betri na mimi sikuwa nazo, nikachomoa betri za redio yako, zile ulizokuwa ukizianika juu ya bati zipate nguvu kidogo. Nikakupigia pedali zote mbili. Ulikuwa unachambua mchele, hukuinua hata uso.

"Ya mjomba wako inagomba," ukasema. "Hii ya kopo inalia. Chukua inayolia."

Nilinuna, lakini nilichukua ya kopo.

Bendi ilikuwa inatafuta mpiga solo, na baba mdogo alishasema nikikosa hapo gitaa liuzwe, niende kumsaidia dukani. Siku ya majaribio ukaninunulia betri mpya. Nilijiona tajiri. Kumbe ule utamu wote ulitoka kwenye betri zilizochoka! Kwa betri mpya kopo liligomba kuliko hata ile ya Dubai. Kiongozi wa bendi alikuwa ameshaninyooshea mkono ninyamaze, mara nikakuona mlangoni, betri za redio yako mkononi. Ukumbi ulikuwa mtaa wa pili tu, ulikuwa umesikia kila kitu. Umejitanda kanga, umegeuza uso usizione meza za bia.

"Mie siingii humo. Njoo uchukue. Nyumbani si ulipigia hizi?"

Jioni ile hukusikiliza matangazo ya vifo, wewe ambaye hukutaka mtu wa Temeke azikwe bila wewe kujua. Nilikukuta umekaa mbele ya redio bubu. Nikakwambia wamenichukua. Ukajifuta macho kwa ncha ya kanga, ukaniuliza kama nimekula.

Tangu hapo kila betri zilipochoka redioni ulinitunzia. Nakupenda kwa mengi, Mama, lakini kwa hilo nakupenda zaidi.

Ulipougua hukuitaka tena redio, betri zikabaki kwenye kopo langu. Jioni uliyotangazwa wewe, nilizichomoa, nikazifuta kwa shati, nikazirudisha redioni. Sauti ilikuwa ndogo. Tukasogea wote, hata baba mdogo akainama na sikio lake, tukalisikia jina lako likisomwa mpaka mwisho.

Siku hizi nakanyaga ile ya Dubai. Inagomba kweli. Lakini zile betri sijazitoa redioni mwako, na sizitoi.

Pumzika, Mama. Nimeshakula.

Mwanao, yule wa kelele