Sauti Chini ya Vigelegele

Nadir mwanangu,

Mkate uko chini ya kitambaa, mchuzi upashe moto.

Asubuhi nilipunguza sauti inayoingia kwenye kompyuta, kama ulivyonifundisha. Mkanda uliorekodiwa kwenye sherehe ya tohara yako umeacha kukwaruza. Chini ya vigelegele nimemsikia ami yako Bouzid akimwambia marehemu baba yako: "Kesho pita njia ya mizeituni, kaka, ni salama." Ndiko alikochinjwa kesho yake. Na Bouzid miaka yote anaapa kwa Msahafu kwamba sherehe ile hakuhudhuria.

Leo anakuja kuuchukua mkanda, eti akautengeneze. Usimpe. Akitaka kusikiliza, pandisha sauti mpaka ipasuke, ucheke, useme kompyuta yako mkweche.

~~Nakwenda kumwuliza mwenyewe.~~ Nimekwenda kwa imamu.

Mwamkie kwa adabu, ni ami yako. Lakini usimpe mgongo.

Mama yako