Tuta la Fabian Pale Nyamasaria

Nyamasaria
3 Februari 2025

Mama mpendwa,

Salamu nyingi. Goti lako linaendeleaje na baridi ya asubuhi huko ufuoni? Mimi mwili uko sawa, ila roho haijatulia. Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu simu nimezima. Kuna namba nisiyoijua inanipigia, mtu anapumua tu, halafu anakata. Rafiki yangu Dolphine anakuja Usenge kununua omena, wale dagaa wa ziwani, atakupa barua hii mkononi na kungoja jibu.

Unakumbuka ule uwanja wa skeitbodi niliokuambia, wa watoto wa mtaa kuteleza na zile mbao zenye magurudumu? Kanisa lilifanya harambee, tukapata mchanga na kokoto. Wafadhili wamekubali kutoa saruji na vyuma, mradi wakute kazi imeanza na ploti haina mgogoro. Hapo ndipo shida ilipo. Ploti ni ya mtaa, miaka yote ilikuwa jalala, na takataka tulizoa sisi wenyewe. Sasa imekuwa safi, mwenye baa ya jirani anasema ni yake. Ameapa kuleta tingatinga, na amesema yule mwanamke anayeongoza vijana ajiangalie. Mwanamke huyo ni mimi, Mama. Siku hizi nalala kwa Dolphine. Naogopa vibaya sana.

Niombee.

Binti yako,
Debra

Usenge
6 Februari 2025

Debra nyara,

Sisi huku wazima, binti yangu, goti ni lile lile. Omena nimeanika, lakini tangu nisome barua yako nimesahau hata kuzigeuza.

Ala! Kwa mbao zenye magurudumu ndiyo unataka kufa? Waachie hiyo ploti. Ziwa lilimchukua ndugu yako Fabian na mashua yake, huu mwaka wa pili hata shati halijaonekana. Mzee Ondiek na wazee wenzake wa ukoo wananisumbua tuzike yago, lile tunda refu linalozikwa badala ya mtu ambaye maji yamekataa kumrudisha. Nimewakatalia. Nikizika, nitakuwa nimekubali kwamba hayuko. Kwa sasa nimebaki na wewe mmoja wa kushika. Panda gari na Dolphine akija tena, urudi nyumbani.

Mamako,
Rosa

Nyamasaria
12 Februari 2025

Mama,

Pole kwa goti, na unisamehe kwamba sikuja. Laiti ungekuwa hapa unishike mkono.

Fundi Waliaula alirundika udongo akatengeneza matuta mawili marefu, yale watoto watakayopandia. Juu ya tuta moja akasimamisha vijiti viwili vilivyopishana kama msalaba, vya kushikilia kamba ya kupimia. Asubuhi yake tingatinga ikaja, na nyuma yake vijana wenye marungu. Nikaegemea rundo la kokoto. Dereva akashuka kuangalia njia. Akaona tuta, akaona vile vijiti, akavua kofia.

"Dada, hapa amelala nani?"

Ningesema ni udongo tu. Lakini wale vijana walikuwa wananitazama, na mdomo ukajisemea wenyewe: "Ni ndugu yangu. Anaitwa Fabian."

"Mimi sipandi kaburi la mtu na mashine," akasema. "Niko na watoto." Akageuza, akaenda. Mwenye baa alibaki akipiga kelele kwamba ataleta karatasi ya korti ya kufukua kaburi.

Tangu siku hiyo akina mama wa kanisa wanakuja kuimba pale. Mama Nasipwondi ameleta maua. Wenzangu wananiambia ninyamaze mpaka saruji ije. Mama, sasa naliogopa lile tuta kuliko mwenye baa. Nikipita karibu nalo siwezi kuliangalia.

Binti yako,
Debra

Usenge
15 Februari 2025

Debra,

Leo sina salamu.

Umemfanya nini ndugu yako? Muda huu wote nimekataa kumweka chini ya udongo, na wewe umemweka kwa neno moja, tena huko ugenini, mbele ya walevi! Nimelia hadi majirani wakadhani mwili umepatikana.

Nilienda kwa Mzee Ondiek. Amesema kaburi likishaitwa jina la mtu haliachwi tupu, litamtafuta mwenyewe, na lisipompata litachukua wa karibu. Wewe ndiye wa karibu. Nyara, nimeogopa sana. Chota udongo hapo penye vijiti, utie kwenye gunia safi la omena, umpe Dolphine aniletee, nitamzika huku nyumbani. Kisha simama mbele ya hao akina mama useme ukweli. Ploti ikienda, iende. Wewe nakutaka ukiwa mzima.

Mamako,
Rosa

Nyamasaria
2 Machi 2025

Mama yangu,

Natumaini gunia lilifika salama, na wewe mwenyewe unakula. Dolphine anasema umekonda.

Nilisema. Jumapili iliyopita baada ya ibada, pale pale kwenye tuta. Niliwaambia hapa hakuna mtu, ni mlima wa watoto kuchezea, ndugu yangu yuko ziwani. Mama Nasipwondi akachukua maua yake akaondoka bila kuniangalia. Nikajua tumekwisha.

Kesho yake tingatinga ikarudi, dereva yule yule. Nikamwendea nikamwambia ukweli, hakuna kaburi. Kumbe nyuma yangu akina mama walikuwa wanaingia na leso zao. Wakakaa juu ya matuta, Mama Nasipwondi mbele kabisa, bado amenuna. Dereva akawatazama. "Na hawa pia siwapandi," akasema, akazima injini.

Chifu ameandika kwamba ploti ni ya mtaa, na saruji ililetwa jana. Mwenye baa hajanyamaza. Niliwasha simu, ile namba bado inapumua.

Niambie tu kama umemzika.

Binti yako,
Debra

Usenge
9 Machi 2025

Debra nyara,

Hujambo? Mimi nakula kidogo.

Tumemzika Jumamosi, kando ya nyumba yake. Yago moja, na juu yake udongo wako wa Nyamasaria. Niliumwaga kwa mikono yangu mwenyewe. Usiku huo nililala hadi asubuhi, sijui mara ya mwisho ilikuwa lini.

Hao watoto wakianza kuruka kwenye lile tuta, waambie wavae kofia ngumu. Na wewe usitembee peke yako. Bado naogopa.

Mamako,
Rosa