Kompyuta Imerudi Kama Mpya

Nkoaranga,
S.L.P. 96,
Usa River, Arusha.

9 Oktoba 2005

Shemeji Mika, sauti ya kaka yako imefutika. Ile aliyoturekodia ndani ya kompyuta kabla Mungu hajamchukua haipo tena, na mafundi wamesema haitarudi.

Mpendwa shemeji yangu, nisamehe kwa kukutupia neno hili mlangoni kabla hata sijakupa kiti. Kalamu imenitangulia. Sasa keti, nikusalimu vizuri. Hujambo? Diana hajambo? Kile kifua chake kimepoa, au bado anakohoa? Na watoto wanasoma? Mpanda ni mbali, lakini ninyi nyote nawataja kwa majina kila ninapopiga magoti.

Sisi huku miili haijambo. Kahawa tunachuma, na siku hizi wanunuzi wanakuja mpaka kwenye uzio, kila mmoja na mzani wake na uongo wake. Yule ng'ombe mwekundu amezaa jike. Sifaeli anaendelea na chuo cha mifugo pale Tengeru, na walimu wake wanamsifu. Sisemi kwa sababu ni mwanangu, hata Mama Nalepo wa jirani, ambaye huwa hasifu kitu, amekubali kwamba kijana ana mikono ya daktari.

Magari ya kampeni yanapita barabara ya chini tangu asubuhi na vipaza sauti vyao, mpaka kuku wangu wamesusa kutaga. Sauti za watu wote zinafika hapa kwangu, shemeji, isipokuwa moja.

Nimekupigia simu mara nyingi, lakini yule dada wa kwenye simu anasema hupatikani. Na hili si neno la kupigia kelele kwenye kibanda cha simu pale Tengeru, wenye vitunguu na wenye nyanya wote wamesimama wanasikiliza. Ndiyo maana nimeamua kuandika, ingawa mwandiko wangu unaujua, ni wa darasa la saba na jembe.

Wewe hiyo kompyuta hukuwahi kuiona. Ulipokuja mara ya mwisho pale mezani palikuwa na redio tu. Ililetwa na Skolastika, ofisi yao ya utalii mjini ilipopata mashine mpya na kuwapa wafanyakazi zile za zamani. Huyu binti, shemeji, pale ofisini mashine ikigoma hata wakubwa wanasema aitwe Skola. Nikaifumia kitambaa cheupe chenye maua, nikaifunika. Mama Nalepo alipoingia akasema, "Mama Skola, siku hizi umefungua benki?" Nikamjibu, "Ndiyo, lakini wewe huna akaunti." Tulicheka siku ile. Kaka yako alicheka mpaka akashika ubavu.

Ilikuwa nzee, inajikokota kama punda wa kule Maji ya Chai siku ya soko. Skola akaleta programu ya kuisafisha. Alinieleza nikaelewa, maana anajua kueleza huyu. Alisema ndani ya kompyuta kuna mahali kila programu inajiandikisha, kama vile balozi wa nyumba kumi anavyoandika watu wake. Sasa programu nyingine zinaondoka lakini majina yanabaki, na mashine kila ikiwashwa inazunguka kuwaita watu waliohama. Hiyo programu ya usafi inapita na kuyaondoa majina yasiyo na wenyewe. Kila Jumamosi akija nyumbani alikuwa anafagia uani, halafu anaingia ndani kuifagia kompyuta. Anasoma jina moja moja kabla ya kukubali liondolewe. Mashine ikawa inawaka kabla maji ya chai hayajachemka.

Kaka yako Thomasi alipoona hali yake si ya kupona, alimwita Skola. Alisema, "Fundi wangu, lete hicho kidude chako niseme." Unakumbuka alikuwa anamwita hivyo tangu binti alipomtengenezea redio kwa kijiko, akiwa bado mtoto wa shule. Skola akamshikia kipaza sauti karibu na mdomo. Kaka yako akaongea, mara Kimeru, mara Kiswahili kwa ajili ya wakwe. Akabariki kila mtu kwa jina lake. Jogoo aliwika katikati na yeye akamwambia jogoo asubiri zamu yake.

Wewe pia alikutaja, shemeji. Alikutaja kwa urefu kuliko wengi.

Ulipokatikiwa na daraja mwezi wa nne ukashindwa kufika mazikoni, nilikutumia salamu kwamba usilie, neno la kaka yako limehifadhiwa, utalisikia kwa masikio yako siku ya kuweka msalaba kaburini. Nikawatangazia na wengine. Vijana wa kwaya wakaahidi spika zao. Hakuna boma huku mlimani ambalo mzee wake amewahi kuongea juu ya kaburi lake mwenyewe, nikasema Thomasi wangu atakuwa wa kwanza.

Basi mwezi wa nane tukagawa nguo zake. Desturi unaijua, siku hiyo nyumba yote inafagiliwa kuanzia chumbani kwake mpaka nje, hakibaki kitu chenye vumbi. Wanawake wakatoa magodoro, wakaosha kuta. Skola naye akaona haifai kompyuta ibaki chafu siku kama ile, na sauti ya baba yake imo ndani. Akaweka ile programu ya usafi, toleo jipya alilopewa na rafiki yake mjini. Ikaleta orodha ndefu sana. Ndugu walikuwa wameshakaa uani wanangoja sala. Dada yenu Nashilu akaita kutoka nje, "Wewe mtoto, watu wazima wasile mpaka umalize kuongea na hilo sanduku?" Skola akaona aibu. Akakubali yote kwa mkupuo, akatoka.

Jioni tulipotaka kuisikia sauti, mashine haikuwaka; kumbe yaliondolewa hata majina ya waliokuwa bado wanaishi humo. Ilileta kioo cha bluu na maandishi meupe, basi.

Bado wakati huo sauti ilikuwamo, shemeji. Hilo ndilo linaloniuma. Skola alisema atakuja na mtu wa ofisini kuiangalia, tusiiguse. Lakini akapelekwa kazini Karatu, na Sifaeli kwa moyo mzuri tu, alitaka dada yake akirudi akute shida imekwisha, akaibeba mpaka kwa fundi mmoja mjini. Na huko akasema vile tunavyosema sote kwa kila fundi, wa cherehani, wa baiskeli, wa viatu: "Nataka irudi kama mpya." Fundi akaitikia. Hakuuliza kuna nini ndani, na Sifaeli hakujua kama kuna cha kusema.

Ikarudi kama mpya kweli. Inawaka haraka, haina doa, na haina kitu. Fundi alifuta yote akapanda programu upya. Skola aliihangaisha mpaka Moshi kwa wataalamu. Wakamwambia ni kama shamba lililokwisha pigwa plau na kupandwa, huwezi tena kuona alama za nyayo za aliyepita jana. Skola alikuwa na nia ya kuinakili sauti kwenye sidii karibu na siku ya msalaba.

Nimejaribu kuandika maneno ya kaka yako kabla hayajanitoka. Nakumbuka alisema tusigombanie mpaka wa migomba. Sifaeli anasema hapana, alisema tusiukate mgomba wa mpakani. Nashilu ana yake. Tuliiachia mashine ikumbuke, sisi tukaacha kukumbuka.

Sasa shemeji, hapa ndipo ninapokuhitaji. Sauti imekwenda, nami nimelia nimenyamaza, ninalia tena. Lakini Nashilu alisema mbele ya watu wa ukoo kwamba mtoto ameifagia sauti ya baba yake pamoja na vumbi. Neno hilo lilimfikia Skola. Tangu siku hiyo hajapanda huku Nkoaranga. Jumamosi zinakuja, uani nafagia mwenyewe.

Nilimfuata chumbani kwake pale Kaloleni. Nikamkuta amekonda, yule binti wangu mzuri ambaye hata ukimvika gunia anapendeza. Nikamwambia hukukosa, mwanangu. Akaniambia, "Mama, baba nimemzika mara mbili, na mara ya pili nilikuwa peke yangu." Anasema siku ya msalaba hatakuja, watu wasije wakanyamaza kwa sababu yake. Mtoto akikosa siku ya msalaba wa baba yake, unajua hatarudi tena nyumbani kwa miguu yake. Thomasi nimempoteza. Skola sitaki kumpoteza.

Unakumbuka ulipopiga simu kutoka Tabora, nikakugombeza kwa kuchelewa kuleta majani ya ng'ombe, nikidhani ni mume wangu? Ulisikiliza mpaka mwisho, halafu ukasema, "Samahani mke wa kaka, nitayaleta." Mlirithi koo moja, sauti moja, ninyi wawili. Nikiwa jikoni na wewe ukiongea sebuleni sikuwahi kujua ni nani.

Njoo, shemeji. Sikuombi useme maneno yake, hayo hatuyajui tena. Sema yako, ubariki watu, kwa koo hilo hilo. Na ukishuka stendi ya Arusha usipande kwanza huku. Pitia Kaloleni, nyumba yenye geti la bluu nyuma ya duka la magodoro, gonga, na kabla hajafungua umwite kutoka nje, "Fundi wangu, twende nyumbani." Usiongeze neno. Nashilu niachie mimi.

Koti la kaka yako, lile la kijivu la kanisani, tulikuwekea wewe. Nimelipiga pasi.

Sifaeli anasema shikamoo baba mdogo, anaogopa utamgombeza, usimgombeze. Nashilu anakusalimu, amezeeka, anauliza kama bado unapenda machalari yake ya ndizi na nyama. Mama Nalepo naye anawasalimu. Mkumbatie Diana na watoto kwa mikono yangu. Bwana aliyewafikisha Mpanda salama awafungulie barabara ya kurudi, na daraja lisikatike safari hii.

Kaburi tumeshalijengea, msalaba uko kwa seremala. Mchungaji amekubali, kwaya wamekubali, mbuzi yupo. Tunawangoja nyote, na wewe umlete Skola, Jumamosi tarehe kumi na saba Desemba.

Mimi nikupendaye, ninayesimama getini tangu sasa,
shemeji yako Marta, Mama Skola