Alama za Vidole Zinapanda

Bunia, asubuhi

Shemeki Hippolyte,

Huku siye tuko wazima, Jemima ameota jino. Nimesikia kesho munafunga shimo ya zahabu yenye iliangukia ndugu yako Delphin juzi, juu munasema amekufa. Tafazali, mungoje!

Kwenye ninafundisha jeolojia tuko na jiwe yenye zamani ilikuwa muchanga ya bahari. Ndani muko njia ya kadudu: muchanga mwingine ulikafunika kwa gafula, kakachimba kupanda juu. Kadudu kenye kufa palepale hakaachi njia.

Ile picha ulituma, ndani ya udongo yenye ilianguka, iko alama za vidole. Zinapanda, shemeki! Alifunikwa, kisha akachimba.

Njia ya kadudu inaishia katikati ya jiwe. Ya ndugu yako inapita mwisho wa picha. Muifuate!

Bibi yake, hapana mujane,
Fifi