Vidole Visivyosikia Maziwa

Alhamisi. Mvua imenyesha tangu alfajiri, na vilima vyetu vya Masisi vimefunikwa na ukungu mpaka saa hii ya jioni. Naandika polepole, nikitazama kila herufi ninayobonyeza, kwa kuwa vidole vyangu havinijulishi tena kama vimegusa simu.

Leo nimeharibu maziwa ya watu.

Kwa wasioijua kazi ya jibini, au fromaje kama tunavyoiita huku, nieleze. Maziwa yakifika kutoka malishoni tunayapasha moto kwenye sufuria kubwa juu ya kuni, kisha tunatia dawa ya kugandisha. Lazima yawe vuguvugu kama shavu la mtoto anayeamka usingizini. Yakizidi sana hapo, dawa hufa na maziwa hayashiki. Kipimo cha joto kilivunjika zamani, na patron, mwenye kiwanda chetu kidogo, hakununua kingine. Alisema mkono wangu unatosha. Kwa miaka mingi ulitosha kweli, nami nilijivuna.

Kisha ikaja saratani ya titi. Baada ya kupasuliwa, nashuka Goma kila mwezi kuchomwa sindano, nikiomba gari lipite kizuizi cha barabarani cha Mubambiro bila kusimamishwa. Mbuzi wote wameuzwa. Shamba la maharagwe aliloniachia marehemu mume wangu linalimwa na mtu mwingine mpaka nitakapolikomboa. Kilichobaki ni mshahara wa jibini. Daktari alinionya kwamba sindano hizo zinaweza kutia ganzi ncha za vidole. Huenda ganzi itaisha baadaye, huenda isiishe. Nilimwitikia kama mtu anayeambiwa kwamba mvua itanyesha. Sikuwaza kwamba dawa ninayoilipia kwa vidole ndiyo itakayovila.

Asubuhi nilichovya mkono katika maziwa na sikuhisi kitu. Hata hivyo nikasema, "Tayari." Saa moja baadaye sufuria nzima ilikuwa bado maji meupe.

Patron akamgeukia Papa Bahati, anayesimamia moto.

"Bahati, uliwasha moto ya maziwa ao ya kuchoma ngombe muzima?"

"Patron, kuni nilitoa ile saa Mama ali…" Akanitazama, kisha akainama kukusanya kuni.

"Mushahara yako ya hii juma njo italipa maziwa," patron akaamua.

Mimi niliendelea kuosha kijiko kilichokuwa safi.

Tulirudi nyumbani njia moja, Papa Bahati na mimi, chini ya mwavuli wake.

"Mama, niko najua," akasema. "Vidole yako haisikiake tena. Juzi ulishika mufuniko ya moto, hata haukushituka."

"Juu ya nini haukusema kwa patron?"

"Nikisema, ataleta shemeji yake. Ule muntu anajua fromaje ya kula tu!" Akacheka peke yake. "Muombe anunue kipimo, Mama. Maneno itaisha."

Hayataisha. Kipimo kikiwepo, mtu yeyote ataweza kusema "tayari", na mtu huyo atakuwa na mikono miwili mizima ya kugeuza jibini. Wangu wa upande wa upasuaji umevimba, na wenzangu tayari wananibebea mizigo. Siku nitakayoomba kipimo, patron atajiuliza mimi bado ni wa kazi gani. Bila mshahara, sindano hakuna.

Zimebaki sindano mbili. Leo nimewaza kuziacha, labda vidole vitarudi na kazi ibaki. Nimewaza hivyo kwa muda mrefu kuliko ninavyopenda kukiri.

Kuacha dawa ili nipate fedha ya dawa. Ona akili ya mtu aliyesoma!

Lakini si hilo linalonisumbua zaidi. Tangu niingie kiwandani sijawahi kuchukua hata kipande cha jibini kisicho changu. Leo nimechukua mshahara wa juma zima wa mtu mwenye watoto wanne, na nimeuchukua kwa kunyamaza tu. Naye bado alinifunika kwa mwavuli, bega lake likilowa.

Kesho nitafika mapema, kabla ya maziwa. Nitamweleza patron yote: vidole, sindano mbili ambazo sitaziacha, na kipimo ambacho lazima kinunuliwe, nibaki nisibaki. Nitaanza na jina la Bahati, kwamba kosa halikuwa lake. Nikianza na langu nitalia, na patron atadhani nimekuja kuomba huruma.