Salamu Kwanza, Swali Baadaye

Alkhamisi, 6 Novemba 2025

Leo nimehamia Uani. Si uani kwangu — Uani ya kwenye simu. Hajar, mtoto wa kaka yangu, ndiye aliyeniingiza. Anasema huko hakuna matangazo, hakuna anayejua jina lako, watu wanaulizana mambo ya simu na kompyuta kwa Kiswahili kitupu. Kila mtu na jina la kubuni. Mie nimejiita Mdalasini.

Shida yangu moja tu: simu imejaa. Imejaa picha za mawaridi! Jamaa zangu wote, kila asubuhi, waridi na "sabahal kheir". Basi nkaingia, nkawasalimia waliomo, mmoja mmoja, nkauliza na wazee wao. Sijafika kwenye mawaridi, admini kashaniandikia. Nicholas, Mkenya, yeye peke yake hakubuni jina. Ati kanuni ya tatu: hakuna salamu, nenda moja kwa moja kwenye swali.

Ebo! Mtu aingie uani kwa watu, hodi hapigi, hujambo hasemi, atoe haja yake tu? Mbuzi ndiye anayeingia hivyo.

Ijumaa, 7 Novemba

Wamekuja kumposa Aseel wangu. Wanawake tu, kutoka mtaa wa Bustan, Shaikha mbele — mama yake Badr, huyo kijana. Nimefukiza udi, nimekaanga sambusa tangu asubuhi. Shaikha kakaa kwenye kiti changu. Kala, kala, kisha kauliza chumvi! Halafu akatia neno kama mtu anayetaja bei ya vitunguu: Badr kahamishiwa Salala kikazi, wakioana tu watahamia huko.

Salala! Kutoka hapa Hail, Maskati, ni siku nzima ya gari. Na Aseel ndiye wa mwisho ndani ya nyumba hii. Baba yake keshatangulia mbele ya haki, kaka zake wako makwao.

Namtazama — anacheka peke yake na sinia la kahawa mkononi. Ana miaka thelathini na moja, hajapata kucheka hivyo kwa posa yoyote. Nkasema kheri inshallah. Ningesema nini tena?

Jumamosi, 8 Novemba

Yarabi toba!

Alasiri nlirekodi voisi kumpelekea dada yangu, Unguja. Yeye ndiye wa juu kabisa kwenye simu yangu siku zote. Sitazami, nagusa wa juu tu. "Nawar weee, nisikilize mwenzio," ndivyo nlivyoanza. Kisha nkatoa yote. Kwamba Shaikha anatembea utasema Bustan kaijenga babake. Kwamba sambusa kazimaliza ndipo akakumbuka chumvi. Kwamba anamchukua mwanangu kama anayekuja kuchukua sahani yake aliyoniazima. Mwishoni nlilia, nadhani. Nkaachia kidole, nkatazama.

Wa juu hakuwa Nawar. Alikuwa Shaikha! Muda ule ule kaniandikia: anaondoka kwenda Umra, anaomba tusameheane, huenda kanikosea bila ya kujua, na simu anaizima mpaka arudi Ijumaa, huko hataki dunia.

Mtu kaniomba radhi kwa ajili ya Mungu, mie nkamjibu vile!

Tiki moja. Ya kijivu. Haijamfika, alhamdulillah.

Aseel kauliza, Mama mbona huli? Nkamwambia jino. Posa hii ikivunjika imevunjwa na mdomo wangu, na mwanangu hatacheka tena vile. Hilo sitaki hata kulifikiri.

Jumapili, 9 Novemba

Nimekwenda Uani kuuliza: ujumbe uliokwenda siko unafutwaje? Nimeanza na salamu fupi tu. Kumbe kila andiko lina mwisho wake wa herufi! Salamu zimejaza, swali halikupata pa kukaa. Nkaanza andiko la pili, huku watu wananijibu: salama, na wewe? Sasa mtu akikuuliza na wewe, unyamaze? Nkawajibu. Yumo mmoja wa Mombasa, anajiita Kobe, mamake mgonjwa wa mguu. Huyo nkamkalia kitako.

Nkafungiwa! Mpaka keshokutwa. Ati nimejaza uwanja.

Jumatatu, 10 Novemba

Kifungoni. Aseel anachagua mapazia ya nyumba asiyoijua, anaimba. Nimesimama mlangoni namsikiliza. Nna furaha yake na nna uchungu wangu, vyote kifua hiki hiki. Akishaondoka nimgombeze nani? Paka? Paka hajibu.

Jumanne, 11 Novemba

Nimefunguliwa. Nimeeleza kisa kizima, salamu moja tu, na hiyo imenitoka kwa shida. Nicholas kajibu upesi: ushikilie ujumbe kwa kidole, gusa kipipa cha taka, utaona "futa kwa wote". Nkashikilia, nkagusa. Lililotokea ni "nifutie mimi" tu. Nkabonyeza. Ukapotea! Nkapiga kigelegele jikoni peke yangu.

Nicholas akauliza, mama, umebonyeza gani? Nkamwambia. Kisha: haki pole mama. Muda wa kufuta kwa wote ni siku mbili na kidogo, ushapita. Hiyo nyingine inafuta kwako pekee. Kwake bado iko njiani.

Lahaula! Yaani Shaikha ataisikia, na mie mwenyewe siwezi hata kuirudia nikajua nlisema nini. La kuvunda halina ubani.

Nicholas kajuta. Kasema asingenifungia ningewahi. Nkamwambia usijilaumu mwanangu, lakini hujambo? Kumbe yumo hapa hapa Maskati, anatengeneza AC hotelini, mkewe Edith yuko Nakuru na mtoto ambaye hajamshika bado. Amesimamia Uani muda wote huu, na hakuna aliyewahi kumuuliza hali. Tumezungumza mpaka adhana.

Jumatano, 12 Novemba

Uani nzima imeacha maswali yake, inashughulika na langu. Mmoja: sema simu iliibiwa. Mwengine: mblok. Nimblok mkwe? Kobe ndiye mwenye akili: izike, mama! Mtumie vitu vingi juu yake, hata asiione.

Vitu vingi? Mie nna mawaridi! Nimempelekea Shaikha yote. Ya sabahal kheir, ya Ijumaa njema, na lile moja lenye njiwa. Leo ndiyo kwanza nimeyaonea faida.

Nicholas kasema angekuwa yeye angempigia akirudi, amwambie ukweli. Watu wa bara wana haraka.

Alkhamisi, 13 Novemba

Tiki moja. Jino sasa linauma kweli.

Ijumaa, 14 Novemba

Karudi. Baada ya sala mawaridi yote yamepata tiki mbili. Kisha bluu. Bluu, bluu, bluu, mpaka njiwa.

Chini ya jina lake pameandikwa: anarekodi. Nkatia chumvi kwenye chai. Nkamwaga. Bado anarekodi.

Imefika. Ndefu kuliko khutba ya leo!

Na Aseel yumo garini na bakuli la halwa. Tunakwenda Bustan kumtazama aliyerudi Umra, ndiyo desturi, sina pa kukimbilia. Anapiga honi.

Nimekwenda Uani. Nimeandika: Mtu akisikiliza voisi, aliyeituma anajua? Basi. Hivyo tu.

Wamenivamia! Nicholas wa kwanza: shikamoo mama, umeamkaje, Aseel hajambo, jino je? Kobe: mamangu anakusalimu sana, leo amekanyaga chini. Mwengine simjui kabisa: shikamoo bibi. Kisha Nicholas tena: mama, hukusalimia. Kuna nini?

Kanuni ya tatu imekwenda wapi! Nimecheka na machozi yananitoka. Swali langu hakuna aliyelijibu.

Nimeibonyeza voisi ya Shaikha. Naandika huku nasikiliza.

Assalaam alaykum, mkwe mwenzangu. Hujambo? Umeshindaje? Sauti laini. Aseel hajambo? Hail joto limepungua? Kaniombea dua mbele ya Kaaba, kanitaja kwa jina. Mgongo wangu hali gani? Mtu mwenye hasira haulizi mgongo. Au huyo ndiye anayeuliza? Sasa kafika kwa paka.

Honi. Mama, yalla, twende!

Na Nawar je, anasema, wa Unguja, hajambo?

Mie sijapata kumtajia Shaikha jina la Nawar, ila kwenye ile voisi.

Honi tena. Voisi haijafika hata nusu. Bado anasalimia.